Mlango wa Church Street: safari ya kwenda shule ya Stratford-upon-Avon

Jumatano

Nimefika mchana. Treni ya kutoka Birmingham Moor Street inachukua kama saa moja. Inapita vitongoji, halafu mashamba ya kondoo, na reli inakomea papo hapo Stratford. Abiria wengi tulioshuka pamoja wamekata kuelekea Henley Street, kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare. Mimi nimenyoosha hadi Church Street, kwa sababu kilichonitoa kwetu ni shule.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka mingi nimefundisha tamthilia za Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, na kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: huyu mtu alisoma wapi? Nilikuwa nawajibu kwa sentensi moja, nikiendelea na somo. Safari hii nimepata nafasi ya kukaa mjini kwake siku kadhaa, wiki ya sikukuu yake ya kuzaliwa, nikajionea mwenyewe.

Shule inaitwa King Edward VI School. Ukitembea Church Street hutaiona kama shule. Utaona kwanza kanisa dogo la mawe lenye mnara, Guild Chapel, kwenye kona ya Chapel Lane. Limefuatwa na jengo refu la ghorofa moja, nguzo za mwaloni zimesimama karibu karibu na katikati yake lipu nyeupe. Baada ya hapo kuna safu ya nyumba ndogo za mtindo huo huo. Hizo ni nyumba za wazee wasiojiweza, na hadi leo wazee wanaishi humo. Kanisa, darasa na makao ya wazee vimeegemeana kwenye ukuta mmoja, na vyote vilitokana na watu wale wale. Nitawaeleza kesho nikishaingia ndani.

Alasiri wanafunzi wametoka. Wavulana wenye koti na tai wamejaa njia, mabegi begani, wengine wakikimbilia basi. Kati ya wale wakubwa nimeona na wasichana.

Alhamisi

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Darasa la zamani lilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, miaka 400 baada ya kifo cha Shakespeare, jengo lilipomaliza kukarabatiwa. Lakini halijaacha kuwa darasa. Siku za masomo chumba hutumiwa na wanafunzi asubuhi, ndipo wageni tunapokaribishwa. Hilo limenifurahisha kuliko maonyesho yote. Sisi wageni tunangoja nje hadi watoto wamalize kusoma, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nianze na wale watu. Chama cha Msalaba Mtakatifu kilikuwa chama cha wenyeji, wanaume kwa wanawake, wafanyabiashara na mafundi, waliochanga ada ili wasaidiane katika maisha na waombeane baada ya kufa. Askofu wa Worcester alikipa hati mwaka 1269. Walijenga kanisa lao, wakatunza wazee wao, na shule ilikuwepo mjini tangu mwisho wa karne ya 13. Mwaka 1427 walijenga nyumba mahsusi ya kufundishia. Bado imesimama ndani ya uwanja wa shule, miongoni mwa majengo ya zamani kabisa nchini Uingereza yaliyojengwa kwa kazi hiyo. Ukumbi mkubwa wa barabarani, ambao leo ndio wenye darasa juu, walikuwa wameumaliza miaka michache kabla.

Mwaka 1482 padri mmoja wa mji huu, Thomas Jolyffe, alikipa chama ardhi kwa sharti moja. Mapato yake yamlipe padri anayeweza kufundisha sarufi ya Kilatini, naye awafundishe wanafunzi wote watakaomjia bila kuwatoza chochote. Nimesimama mbele ya maelezo hayo muda mrefu. Miaka 71 kabla ya mfalme ambaye jina lake limeandikwa langoni, elimu ya bure ilishawekewa msingi wa fedha na padri na chama cha wenyeji.

Mfalme aliingiaje? Serikali ya Edward wa Sita, kijana aliyetawazwa akiwa na miaka tisa, ilivunja vyama vya namna hii mwaka 1547 na kutwaa mali zao, kwa kuwa sala za kuwaombea wafu hazikukubaliwa tena na dini mpya ya Kiprotestanti. Mji ukabaki bila chama na mali yake ikiwa mikononi mwa serikali. Wenyeji walidai irudishwe, na tarehe 28 Juni 1553 hati ikatolewa. Mji ukapewa baraza lake, sehemu kubwa ya ardhi ikarudi, na shule ikapewa jina jipya, Shule Mpya ya Mfalme. Mwalimu alipangiwa pauni 20 kwa mwaka na nyumba. Siku nane baadaye mfalme alifariki, akiwa na miaka 15. Shule nyingi nchini humu zina jina lake kwa njia hiyo hiyo. Simnyimi sifa yake, lakini fedha zilikuwa za watu wa Stratford, na mimi nikirudi darasani nitaanza na Jolyffe.

Baada ya hapo darasa lilihamia ghorofa ya juu ya ukumbi wa chama. Tumepanda ngazi. Chumba ni kirefu, dari lake ni boriti za mwaloni zilizopinda kwa umri, madirisha madogo, sakafu inayolia ukikanyaga. Madawati yamechorwa majina kwa visu na vizazi vya wavulana waliochoka na somo. Mwalimu aliyevaa kanzu nyeusi ya karne ya 16 ametukalisha kwenye mabenchi, akatuimbisha maneno ya Kilatini, akatupa kalamu za unyoya. Watu wazima tulikuwa tumenyooka kama watoto wa darasa la kwanza.

Ratiba yao ilikuwa nzito. Mtoto aliingia akiwa na miaka kama saba, akiwa tayari anajua kusoma na kuandika. Masomo yalianza saa 12 asubuhi wakati wa kiangazi na saa 1 wakati wa baridi, hadi jioni, siku sita kwa wiki. Kitabu cha msingi kilikuwa sarufi ya William Lily, ambayo serikali iliagiza itumike nchi nzima. Kisha wakapanda ngazi hadi waandishi wa Roma ya kale: Cicero, Virgil, Ovid, na tamthilia za Plautus na Terence, ambazo wavulana walizikariri na kuziigiza. Zoezi lililonigusa kama mwalimu ni hili: mwanafunzi alipewa kifungu cha Kilatini, akakitafsiri kwa Kiingereza, kitabu kikafungwa, na baada ya muda akakirudisha katika Kilatini bila kutazama. Halafu alilinganisha ya kwake na ya Cicero. Mtu aliyefanya hivyo miaka saba anajua kuwa wazo moja linaweza kusemwa kwa namna ishirini. Sioni ajabu kuwa Nyerere, aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937, na ambaye baadaye alifundisha kabla ya siasa, alipotaka kuonyesha uwezo wa Kiswahili alichagua kazi hiyo hiyo ya kutafsiri. Alichagua kazi za mtu aliyekuzwa nayo.

Kuna jambo ambalo waongozaji wa hapa wanalisema wazi, nami nawaheshimu kwa hilo: orodha za wanafunzi wa miaka ile hazikubaki. Hakuna karatasi inayotaja kuwa William Shakespeare alikaa chumba hiki. Ila baba yake, John, alikuwa mjumbe wa baraza lililoendesha shule, nyumba yao iko dakika chache kwa miguu, na kazi zake zimejaa vitabu vilivyofundishwa humu. Katika tamthilia yake moja ya kuchekesha kuna hata mvulana aitwaye William anayeulizwa maswali ya sarufi ya Kilatini, na majibu yake ni yale ya kitabu cha Lily. Mimi imenitosha.

Walimu wa wakati wake majina yao yapo: Simon Hunt, kisha Thomas Jenkins, kisha John Cottam. Huyu wa mwisho alikuwa na ndugu yake, padri Mjesuiti, aliyenyongwa mwaka 1582 kwa sababu ya dini. Hicho kilikuwa kizazi ambacho kosa la imani liligharimu uhai, na mwalimu alipaswa kuchunga kila neno mbele ya watoto.

Nimeteremka ukumbi wa chini. Hapa baraza lilikutana, na hapa waigizaji wa kusafiri walionyesha michezo yao. John Shakespeare alipokuwa mkuu wa mji, mwaka wa 1568 hadi 1569, makundi mawili yalilipwa na mji kwa maonyesho, kundi la Malkia na kundi la Mtemi wa Worcester. William alikuwa na miaka minne au mitano. Kwa hiyo juu ni darasa, chini ni jukwaa, chini ya paa moja. Nimepanda na kushuka ngazi ile mara kadhaa, mlinzi akiniangalia kwa upole.

Ijumaa

Asubuhi nimeingia Guild Chapel. Juu ya tao la mbele kuna mchoro wa Siku ya Hukumu, umefifia, wafu wakitoka makaburini. Ulipakwa chokaa miaka ya 1563 na 1564, na aliyesimamia hesabu za mji wakati huo alikuwa John Shakespeare huyo huyo. Shilingi mbili za kufuta picha za kanisa zimeandikwa katika hesabu hizo. Chokaa iliyokusudiwa kuangamiza mchoro ikaja kuuhifadhi. Wanafunzi wa King Edward hutumia kanisa hili hadi leo kwa sala na mikutano yao.

Ukivuka Chapel Lane tu unafika New Place, nyumba kubwa aliyoinunua Shakespeare mwaka 1597 alipokuwa na mali. Sasa ni bustani, kwa maana mmiliki wa baadaye, Mchungaji Francis Gastrell, aliibomoa mwaka 1759. Wageni wanapiga picha za maua. Mimi nilikuwa napima umbali. Kutoka hapa hadi mlango wa shule hata mzee mwenye fimbo hachoki.

Katika nyumba hii alikulia Judith, binti wa Shakespeare. Kaka yake pacha, Hamnet, alifariki mwaka 1596 akiwa na miaka 11. Judith aliishi hadi 1662. Mwaka 1611 aliitwa kushuhudia hati ya mauzo ya nyumba, na mahali pa sahihi aliweka alama tu. Dada yake mkubwa Susanna angalau aliandika jina lake. Baba yao alikuwa ameshaandika tamthilia zilizoigizwa mbele ya mfalme, na darasa la bure lilikuwa ng'ambo ya kichochoro, lakini halikuwa kwa wasichana. Hakuna aliyeona ni jambo la kuuliza. Jolyffe aliposema wanafunzi wote, alimaanisha wavulana wote, na neno hilo likadumu hivyo kwa karne tano.

Nimekasirika, nalisema bila kuficha. Nimefundisha wasichana wengi ambao wangekuwa Judith kama wangezaliwa wakati ule, na wachache ambao wamekuwa Judith wakati huu, kwa mimba, kwa ada, kwa umbali.

Mchana nimetembea kwa miguu hadi Shottery, kijiji alikotoka mke wa Shakespeare, Anne Hathaway. Njia inapita nyuma ya nyumba za watu na viwanja vya michezo. Nilichofuata kule ni shule ya wasichana ya sarufi, yaani sekondari inayochuja wanafunzi kwa mtihani, iliyofunguliwa mwaka 1958 katika nyumba ya kale ya kijiji. Nimeiona kwa nje tu, miti mikubwa na wasichana wakitoka kwa makundi. Miaka 405 ilipita kati ya hati ya Edward na shule ya dada zake. King Edward yenyewe ilianza kupokea wasichana mwaka 2013, na kwa miaka miwili ya mwisho tu. Madarasa ya chini bado ni ya wavulana.

Jumamosi

Kaka yangu, wifi na binti yao wamekuja kutoka Birmingham kwa treni ya asubuhi. Mji umejaa. Bendera za mataifa zimepangwa barabarani, bendi inapiga, na watu wamevaa kijiti cha rosemary na ua la manjano kifuani. Tarehe yenyewe ni 23 Aprili, lakini maandamano hufanywa Jumamosi iliyo karibu nayo.

Wanafunzi wa King Edward wana nafasi yao katika maandamano haya kwa haki. Ni wavulana wa shule hii, mwishoni mwa karne ya 19, walioanza kubeba maua kwenda kaburini kwa mwenzao wa zamani, na mji mzima ukawafuata. Leo wamepita mbele yetu mamia kwa mamia, kila mmoja na ua mkononi. Wadogo wanachekana na kusukumana, wakubwa wamenyoosha shingo. Kalamu mpya ya unyoya hupelekwa hadi kanisa la Holy Trinity na kuwekwa mkononi mwa sanamu ya Shakespeare ukutani. Tumejipanga foleni, tumeweka maua yetu, tumetoka.

Binti wa kaka ameniuliza, "Shangazi, mbona wasichana ni wachache hivi?" Nimemweleza kuhusu Judith tukiwa tumekaa kando ya mto Avon, tunakula chipsi. Amesikiliza bila kukatiza, jambo ambalo wifi anasema si kawaida yake.

Tumerudi Church Street, akaandika jina lake kwa kalamu ya unyoya kwenye chumba cha juu. Mwongozaji mmoja ametusimulia kuhusu Edward's Boys, kundi la wanafunzi wanaoigiza tamthilia za zama za Shakespeare kama zilivyoigizwa na makundi ya wavulana wa London, sehemu za wanawake zikichezwa na wavulana. Wamefufua kazi za waandishi wa zama hizo, John Lyly, Marston na Middleton, ambazo kumbi kubwa hazikuzigusa kwa muda mrefu, na wataalamu wa vyuo vikuu huja kujifunza kwao. Mwaka 1913 wavulana wa shule waliigiza Henry V, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme aliye vitani, katika jumba la tamthilia la mjini. Mwaka uliofuata Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na baadhi ya waliosimama jukwaani walikufa humo. Mwaka 2013 Edward's Boys waliiigiza upya kwa ajili yao. Kaka yangu, ambaye hapendi majumba ya makumbusho, amevua kofia.

Jumapili

Tuko Birmingham, nyumbani kwa kaka. Mvua. Mezani kuna lundo la vitabu vya mazoezi: maneno yanayofanana, mfuatano wa namba, maumbo ya kuzungusha kichwani. Binti ana miaka kumi, na Septemba anafanya mtihani wa mchujo wa kuingia shule ya sarufi. Hata Birmingham kuna shule za jina hilo la Edward, zilizotokana na hati nyingine ya mwaka 1552.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki mtihani wa namna hii hatuhitaji kuelezwa. Tumeota ndoto mbaya za matokeo ya darasa la saba. Hapa ulienea baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, iliyofuta ada katika shule za sarufi za serikali na kuwapanga watoto kwa mtihani wakiwa na miaka 11. Waliofaulu walikwenda shule ya sarufi, wengine shule za kawaida, na mara nyingi hapo ndipo maisha yalipogawanyika. Katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na shule za sarufi karibu 1,300 Uingereza. Serikali ya chama cha Labour ikazitaka halmashauri zichanganye watoto, na sasa zimebaki 163. Stratford ni kati ya hizo. King Edward inagharimiwa na serikali, hailipishi ada, kama Jolyffe alivyotaka.

Lakini ni bure kwa anayepita. Wifi anafanya zamu za usiku hospitalini, na sehemu ya mshahara inakwenda kwa mwalimu wa tuisheni. Jirani yao, mama wa Kikongo mwenye watoto wanne, amekaa nasi chai na kusema kwa Kiswahili chake kizuri cha Lubumbashi kwamba mwanawe ana akili kuliko wote, ila hela ya tuisheni hana. Si hisia tu. Watoto wanaopata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya umaskini ni wachache sana katika shule za sarufi kuliko katika shule nyingine. Baadhi ya shule hizo, King Edward ikiwemo, sasa huwawekea watoto hao nafasi au kuwapunguzia alama za kuingilia. Ni hatua, na naiunga mkono. Ningependa iwe kubwa zaidi.

Nimemwambia mama huyo asikate tamaa: mtihani wenyewe haulipiwi, fomu hujazwa kwa intaneti mapema kabla ya mtihani, na maktaba ya mtaa ina vitabu vile vile vya mazoezi. Kaka ametoa karatasi za mazoezi alizomnunulia binti yake, akazitia kwenye mfuko. Tumekubaliana watoto wawili wasome pamoja hapa kila Jumamosi, meza ni kubwa. Mimi nimechukua somo la Kiingereza kwa simu kutoka nyumbani, kuanzia wiki ijayo, saa 11 jioni kwa saa zetu.